Mtani Hungoja Jibu

Siku nilipoolewa niliteremka kutoka vilima vya Umatumbi hadi bonde la Rufiji, na neno la kwanza nililolakiwa nalo mlangoni kwa mume wangu lilikuwa jina la mnyama.

Aliyelitamka ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyoweza kuvuka mto bila mtumbwi. Alisimama kizingitini akatandaza mikono nisipite. Akanichungulia mgongoni, akaliinua pindo la kaniki yangu kwa kidole kimoja, kisha akauliza mbele ya watu wote:

"We nyani! Mkia umeuficha wapi?"

Mama alikuwa amenifundisha. Njia nzima ya kuteremka alikuwa akinijaribu maswali, kama mwalimu wa chuoni anavyomjaribu mwanafunzi aliyehifadhi sura. Macho niliyainamisha, maana nilikuwa bibi harusi, lakini mdomo haukuinama.

"Nimeuacha kwetu, wifi. Niliambiwa huku wanaishi kambale, matope mpaka uvunguni. Nikaona utachafuka."

Vigelegele vilipanda. Wifi alicheka mpaka akakaa pale pale kizingitini, akajifuta machozi, akanishika mkono na kuniingiza ndani yeye mwenyewe. "Huyu anafaa," akawaambia watu. "Ana meno." Tangu siku hiyo mimi nikawa nyani wake, naye akawa kambale wangu, na katika bonde lile sikupata rafiki aliyemshinda.

Msomaji ambaye hakulelewa katika utani anaweza kushangaa, kwa hiyo nitaeleza taratibu. Sisi wa vilimani na wale wa bondeni tulikuwa watani tangu zamani. Nyani hushuka kutoka vilimani kuja kula mahindi ya watu, basi sisi tukaitwa nyani. Kambale hujilaza matopeni na sharubu zake, basi wao wakaitwa kambale. Lakini utani haukuwa ruhusa ya kusema lolote kwa yeyote. Ukimrushia mtani wako neno, sharti unyamaze umpe nafasi akurudishie. Asiyengoja jibu hakutania, ametukana, na wazee walimtoza kuku. Tena, yule unayemwita nyani leo, akifa kesho wewe ndiye wa kwanza kufika msibani na wa kwanza kushika jembe la kuchimba kaburi. Kwa hiyo ulipomwita mnyama, wewe ulijua na yeye alijua kwamba siku moja mikono yako ndiyo itakayomlaza ardhini kama binadamu. Neno lilikuwa na kamba mguuni. Lisingeweza kukimbilia mbali.

Mume wangu alikuwa manju, yaani mtunzi na mwongoza nyimbo za ngoma. Kazi yake nyingine ilikuwa kutengeneza vichwa vya wanyama, vya kuvaa, kwa magome ya miti na ukindu. Kila mwaka baada ya mavuno ya mpunga kijiji kilikusanyika uwanjani alasiri, na wanyama wake wakatoka kucheza. Hakuna aliyekuwa na shida ya kujua mnyama gani ni nani. Kanga aliyekimbia huku akipiga kelele alikuwa mzee mmoja aliyeogopa mke wake. Mwaka uliofuata mzee yule alikuwa amejitahidi, basi kanga hakutoka. Watu waliuliza, "Kanga yuko wapi?" Mume wangu akajibu, "Amepona." Mzee mwenyewe alitembea siku nzima kifua mbele.

Kisha ikaja miaka ya pamba. Serikali ya Wadachi, yaani Wajerumani, ilitaka kila kijiji kilime pamba, na akida akaja na bakora kusimamia. Watu waliacha mpunga wao ukaliwa na ndege ili wapalilie shamba la serikali. Mwaka ule mume wangu alitoa fisi. Alikuwa fisi mwenye tumbo lililoburuzika, mguu mmoja ukichechemea kama wa akida, na kikapu cha pamba kichwani. Alikuwa akila pamba, anatapika, anakula tena. Tulicheka kicheko cha watu waliobanwa kifua muda mrefu. Hata Mwarabu wa duka, mtu mpole aliyeuza chumvi na nguo karibu na gati la mitumbwi, alikuja na binti yake mdogo begani, akacheka kuliko sisi. "Akida amenila na mimi," alimwambia mume wangu. "Mwongezee tumbo."

Sikuona ubaya katika fisi yule, na mpaka leo sioni. Alimcheka mtu mmoja kwa tendo lake. Akida angeacha kula mali za watu, kichwa kile kingemvuka, kama kanga alivyomvuka yule mzee.

Halafu vikaja vita vya Maji Maji. Kwetu vilimani ndiko vilikoanzia, watu walipong'oa miche ya pamba, na habari zikateremka kwa njia ya Mbwara kabla ya wapiganaji wenyewe. Akida alitoroka. Siku moja vijana wa kijijini kwetu walikuja nyumbani mume wangu akiwa hayupo, wakakichukua kichwa cha fisi darini. Mkwe wangu, baba yake mume wangu, aliwauliza wanakipeleka wapi. Wakasema, "Kucheza."

Walikwenda kuchezea mbele ya duka la Mwarabu. Akida alikuwa mtu wa pwani mwenye damu ya Kiarabu, na hilo liliwatosha. Waliimba wimbo ule ule wa mume wangu, ila pale palipokuwa na "fisi wa pamba" wakatia "wana wa fisi." Yule binti aliyekuwa amebebwa begani akachungulia dirishani, nao wakamwonyesha kidole wakacheka. Mume wangu alifika akihema, akakivua kichwa kutoka kwa aliyekivaa. Mwarabu alitoka mlangoni akamtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza mume wangu zaidi.

"Ndugu yangu," alisema, "fisi huyu nilimcheka nami. Sikujua kama ukoo wangu umo tumboni mwake."

Kabla ya Ijumaa alikuwa amepakia mtumbwi pamoja na mke na binti yake, akateremka na mto kuelekea Kiongoroni, upande wa pwani. Duka lilichomwa moto siku ya pili yake. Hatukuwaona tena. Mume wangu alikiweka kichwa kile uani, hakukirudisha darini wala hakukichoma. "Nilimtengenezea mtu mmoja," alikuwa akisema. "Wao wamewavika watu wote wa aina yake, na mtoto ndani."

Nilijaribu kumwelewesha kwamba kosa halikuwa lake, naye alijaribu kuniamini.

Vita vikageuka. Wadachi walipanda vilimani na askari wao, wakachoma nyumba, na walipomaliza nyumba wakachoma maghala ya chakula. Jumbe wetu, mkuu wa kijiji, alikuwa mtu mwoga lakini si mbaya. Askari walipofika kijijini wakiuliza, "Nyinyi ni nani?" alijibu haraka kwa sauti ya juu ili kila mtu asikie: "Sisi siyo wale nyani wa vilimani, bwana. Sisi watu wa bondeni, watu wa amani." Askari wakacheka, wakapita. Kijiji hakikuchomwa.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya jumbe na kibuyu cha maji kichwani. Nilikuwa nimelisikia neno lile mara elfu, na mara nyingi nililipokea kwa furaha. Siku ile lilisemwa kwa mtu mwingine, juu yangu, wala hakuna aliyegeuka kunitazama apate jibu.

Baada ya hapo neno lilienea kama moto wa majani makavu. Watu wa bondeni waliogopa kuhesabiwa pamoja na wa vilimani, na kila aliyeogopa alilitamka ili ajisikie yuko upande wa pili. Nyani wametuletea vita. Nyani hawana akili, walidhani risasi ni maji. Mambo haya yalisemwa na watu ambao wenyewe walikunywa maji yale yale ya dawa. Na vijana wakaja kwa mume wangu na ombi: ngoma ya mavuno ya mwaka huo, watengenezewe nyani. Nyani mkubwa, wa kuchekesha, mwenye kuombaomba.

Wakati huohuo njaa iliwashusha watu wa kwetu. Walikuja wengi wao wanawake na watoto, wakajificha kwenye vichaka pembeni ya mashamba yetu, wakila ming'oko, yaani viazi vya porini, na majani. Mama yangu alikuwa miongoni mwao. Jumbe alikwisha kataza mtu yeyote wa vilimani kulala kijijini, akihofia askari kurudi. Nilimpelekea mama uji mchana, nimeuficha kikapuni chini ya majani ya kunde, nikamsihi aje nimfiche kwangu peke yake.

"Nikiingia mimi," alisema, "hawa atawaingiza nani?"

Alikuwa amekonda, shingo imebaki kamba tupu, lakini aliutazama mto kama mkulima. Mafuriko yalikuwa yanaondoka. Bondeni kwetu, maji yakishuka huacha tope jeusi zuri, na anayepanda mahindi na kunde katika tope lile hupata mavuno ya pili bila tone la mvua. Kilimo hicho tunakiita mlau. Lakini tope halimsubiri mtu. Likishakauka na kupasuka, mbegu haina pa kushika.

"Tukipata ukanda wa tope na mbegu kiganjani," mama alisema, "tutaishi. Tusipopata, hawa watoto hawatauona mwezi wa mfungo."

Uhai wao wote ulikuwa juu ya tope lile. Mwenye kugawa tope ni jumbe, naye alikuwa ametangaza kwamba atagawa siku ya pili ya ngoma ya mavuno.

Siku chache kabla ya ngoma nilimpelekea wifi chakula shambani, maana mpunga wake ulikuwa wa mwisho kuvunwa. Alikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu tunachokaa kulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na nyani. Nilikuwa sijafika nikasikia sauti yake:

"Nyani! Nyani hao!"

Nikacheka. Miezi ilikuwa imepita hajaniita hivyo. Nikaweka chakula chini, nikashika kiuno, nikamrudishia kwa sauti ya uwanjani: "Kambale, shuka ule! Au sharubu zimenasa kwenye miti?"

Hakunijibu. Hata hakunitazama. Alikuwa amesimama na kombeo, analizungusha, na jiwe likatoka likaingia katika mpunga. Kisha lingine. Mpunga ukatikisika, wakainuka watu waliokuwa wameinama kuokota punje zilizodondoka, wakakimbia. Mmoja hakukimbia haraka. Alishika paji la uso kwa mkono, na damu ikapita kati ya vidole. Alikuwa mama yangu.

Mimi nilikwenda kwa mama, na wifi akabaki juu. Niliporudi kuchukua kikapu alikuwa bado amesimama vilevile, kombeo likining'inia.

"Nilidhani nyani," alisema.

"Wote?"

Alilitazama kombeo. "Jiwe la kwanza nilidhani nyani. La pili niliona nguo."

Niliondoka nikifikiri juu ya lile jiwe la pili. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuona nguo, lakini ulimi ulikuwa umekwisha kusema nyani, na mkono ukaufuata ulimi.

Nilimkuta mume wangu uani. Nyani alikuwa karibu kukamilika: pua, mashimo ya macho, ukindu ulionyongwa vizuri kuwa nywele za mabegani. Kazi nzuri. Nikakaa karibu yake nikaanza kumchambulia ukindu, kama nilivyozoea. Nilimweleza habari ya jiwe. Mikono yake ilisimama, kisha ikaanza tena, polepole.

"Vijana wameniomba," alisema. "Nikikataa watasema nina mke nyani."

"Unaye. Sijakulaumu. Nataka kujua tu: huyu ni nani?"

"Ni nyani."

"Kanga alikuwa yule mzee. Fisi alikuwa akida. Huyu ni nani?"

"Ni... watu wa vilimani."

"Nani katika hao?"

Alinyoosha mkono. Nikampa ukindu mwingine.

"Kanga alipona," nikasema. "Akida angeweza kupona, angetaka. Huyu apone vipi? Aache nini? Mama yangu aache kitu gani ili kichwa hiki kimvuke?"

Alikigeuza kile kichwa, akakitazama kwa ndani, pale ambapo uso wa mtu huingia. Kuku walipita katikati yetu wakidonoa mabaki.

"Hakina pa kuvulia," alisema mwishowe. "Nimekishona hadi shingoni."

"Na atakapocheza, nani atamjibu? Watani wako vichakani."

Hapo akaniangalia. Nakumbuka uso wake ulivyobadilika, si kwa huzuni. Alikuwa na uso wa fundi aliyeona kipande kinapoingia.

"Sheria," alisema.

"Sheria gani?"

"Ukimtaja mtani uwanjani, humpi nafasi ya kujibu, ni tusi. Unatozwa. Basi nikimtoa nyani, sharti watani waitwe. Na mtani aliyeitwa ngomani..." Akaanza kucheka peke yake. "Hebu nipe kanzu yangu."

Tulikwenda kwa jumbe pamoja na mkwe wangu, aliyekuwa mkubwa kwa jumbe kwa umri na hakusita kumkumbusha. Jumbe alipinga mara moja. Kuwaleta watu wa vilimani kijijini? Askari wakisikia?

"Hatuleti wapiganaji," mume wangu alisema kwa heshima. "Tunaita watani. Vijana wanataka nyani. Nyani bila watani ni tusi, na tusi uwanjani kwako, kuku atatoka kwako."

"Kuku wangu?"

"Wewe ndiye mwenye uwanja."

"Mwanangu," mkwe wangu akamwambia jumbe, "ulipotahiriwa, aliyekushika mabega ni mtani kutoka vilimani. Ulimng'ata. Ana kovu mpaka leo, kama bado yu hai."

Jumbe akajikuna kidevu. "Waje wajibu," alisema. "Wajibu, basi."

Alasiri ya ngoma uwanja ulijaa. Watu wa kwetu vilimani walikuja wakasimama ukingoni, wamejifunika vizuri kwa nguo zilizobaki, watoto wameshikilia mapindo. Mama alikuwa na kitambaa kwenye paji. Ni rahisi kumcheka asiyekuwapo. Akiwapo amesimama na mtoto mkononi, kicheko hutafuta pa kutokea.

Mume wangu aliingia na kichwa cha nyani mikononi, hakukivaa. Vijana wakaanza kupiga makofi. Alikizungusha watu wote wakione, kisha akakiweka chini katikati ya uwanja, akakigeuza uso ukatazama kwetu sisi wa bondeni. Akachukua ngoma, akavuka uwanja, akaiweka mbele ya watu wa vilimani.

"Watani," alisema, "tumewaita nyani mwaka mzima. Hatukungoja jibu. Leo tunangoja."

Akarudi, akakaa chini. Watu wenye njaa, waliopoteza waume na nyumba, utawaambia wachekeshe? Nilianza kuogopa kwamba tumewaongezea aibu.

Mama alimpa mtu kitambaa chake. Akatoka mbele na lile jeraha wazi. Aliokota mashuke mawili ya mtama, akayashikilia chini ya pua, moja huku na moja kule, yakawa sharubu. Akainama, akaanza kuteleza uwanjani kwa mabega, kama kambale anavyoteleza topeni. Mwanamke mmoja wa vilimani akaanza kuigonga ngoma. Mama akajiuliza na kujijibu, sauti moja nene, nyingine nyembamba:

"Kambale, kambale, umeona nini?
Nimeona viatu, nikazama chini.
Kambale, kambale, jina lako nani?
Mimi tope, bwana, tope la bondeni!"

Akajilaza kifudifudi, akatulia kama tope kweli, kisha akainua jicho moja kutazama kama askari wameondoka.

Kila mtu alijua ni nani aliyeulizwa jina, na alijibu nini. Tulimtazama jumbe. Jumbe alikuwa ametazama miguu yake. Ndipo ikapanda sauti moja, ile iwezayo kuvuka mto bila mtumbwi. Wifi yangu alikuwa anacheka. Alianza kwa kujizuia, ikamshinda, akacheka mpaka akaegemea watu, na kicheko kikatoka kwake kikashika uwanja mzima, kikawafika watoto wa ukingoni ambao sikuwa nimeyaona meno yao kwa muda mrefu.

Wifi alitoka mbele, akamwinua mama kutoka mavumbini. Alipomshika ndipo alipohisi alivyokuwa mwepesi. Kicheko kikaisha.

"Mtani wangu," alisema, "mbona umekonda hivi? Ukifa nitazika nini, kaniki?"

"Nilishe kwanza, upate cha kuzika," mama akajibu.

Wifi akagusa karibu na jeraha, hakulifikia. "Jiwe hili..."

"La kambale mmoja. Ana shabaha mbaya. Amelenga watu wengi, amepata kizee kimoja."

Wifi alijaribu kurudisha neno, hakuliweza. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akamfunga mama paji la uso, akilia wazi mbele ya watu. Hiyo pia ni kazi ya mtani.

Kisha jumbe akasimama. Nilimwona akichagua: angeweza kukasirika, na watu wangemfuata. Alikohoa.

"Tope hili lina mdomo," alisema, akijigusa kifua, na watu wakacheka tena, safari hii kwa kumpenda. Akawageukia wazee. "Hebu nikumbusheni. Mtani aliyeitwa ngomani hufukuzwa kabla ya kula?"

"Hafukuzwi," wakajibu.

"Na hula mpaka lini?"

"Mpaka ashibe."

Aliwatazama wale watoto walioshikilia mapindo. "Hawa hawajashiba tangu vita vianze. Naona itachukua muda."

Kesho yake aligawa tope. Watu wa vilimani walipata ukanda wa mwisho, upande wa chini, ambako maji huchelewa kuondoka na tope hubaki laini zaidi. Mbegu zilitoka nyumba hii kiganja na nyumba ile kiganja. Askari walipita mara moja baadaye, wakaona wanawake wamezama matopeni hadi magotini, matope mwili mzima, na hawakuweza kuwatofautisha.

Sitaki kudanganya kwamba neno lilipona kabisa. Wapo vijana walionuna, na wapo waliolitumia kwa ubaya mpaka uzeeni. Mwarabu wa duka hakurudi, na sijui binti yake alikulia wapi, wala kama alipoona fisi aliona mnyama au uso wa kijiji chetu. Kwa ajili yake hatukuwahi kuweka ngoma mbele ya mtu na kungoja. Mume wangu alivifumua vichwa vyote viwili, cha fisi na cha nyani, akasukia mikeka. Aliendelea kutengeneza wanyama wengine hadi macho yalipomwishia, lakini kila kimoja alikiachia nafasi pana shingoni, akakivaa na kukivua yeye mwenyewe kwanza.

Siku hizi naishi Kibiti, karibu na barabara. Juzi mjukuu wangu alinionyesha gazeti lenye picha ya kuchekesha: watu wa kabila fulani wamechorwa panya, wanatafuna gunia. Akaniuliza, "Bibi, si utani tu?" Nikamwambia amtafute panya mmoja pale mwenye jina na kosa lake. Akatafuta, hakumwona. Nikamwambia tena: mchoraji huyu, mmoja wa hao akifiwa kesho, atakwenda kuchimba? Mjukuu alifikiri, akaanza kucheka, akasema hata anuani yake haipo. Nilifurahi. Ni mambo yanayofundishika, na mtoto huyashika upesi akielezwa bila kukemewa.

Lakini ninalolikumbuka mara nyingi zaidi ni asubuhi moja ya mlau ule wa kwanza. Mahindi ya mama yalikuwa yamefika magotini. Mimi na yeye tulikuwa tunapalilia kunde, na wifi alikuwa juu ya dungu lake upande wa pili. Nyani wa kweli walikuwa wametoka porini, wakafukuzwa, wakarudi. Kombeo lilikuwa limefanya kazi. Kisha pakawa kimya, na katika kimya hicho nikasikia:

"We nyani!"

Mama akainua kichwa. Mimi nikaacha jembe. Wifi alikuwa ameinama ukingoni mwa dungu, kombeo ameliweka chini, mkono mmoja ameuweka nyuma ya sikio. Alikuwa anangoja.

Mama akajifuta tope mdomoni, akavuta pumzi ya mtu aliyekula.

"Nakuja, kambale," akaita. "Natafuta mkia wangu. Nilisikia mmeupanda huku."